Hodi Kabla ya Mkono

Katika Mji Mkongwe mlango una adabu zake. Mgeni haingii kwa kuwa ameukuta wazi. Husimama barazani, hubisha hodi, akasubiri. Akiitikiwa, huvua viatu akapita. Asipoitikiwa hubisha tena, na baada ya hodi ya tatu hurudi alikotoka, hata kama anasikia vikombe vikigongana ndani. Wazee wetu waliichota adabu hii katika mafundisho ya dini, na majirani wa dini nyingine, kutoka Shangani hadi Hurumzi na Malindi, wamekua nayo vilevile. Sijapata kumsikia mtu akijitetea mbele ya wazee wa mtaa kwamba aliingia nyumba ya watu kwa sababu hakuna aliyemkataza.

Nimeikumbuka adabu hiyo kutokana na tukio moja la ufukweni, ambalo nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuamua kuliandika. Linahusu yoga. Najua wapo wasomaji wangu watakaouliza yoga imeingiaje katika ukurasa unaozoea kujadili katiba, chaguzi na bei ya mchele. Nawaomba subira. Jambo lenyewe si yoga peke yake, ni nani katika nchi hii ana haki ya kuushika mwili wa mwenzake, na kwa idhini ya nani.

Nilikuwa Jambiani pamoja na mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, tukikusanya maelezo ya vijana wanaofanya kazi katika hoteli za pwani ya mashariki. Yeye ni mzaliwa wa kusini ya Unguja, na mama yake ni mkulima wa mwani. Hoteli moja iliyotupokea ilitualika kushiriki darasa la yoga la asubuhi, chini ya banda la makuti, ili tuione kwa macho yetu huduma ambayo wafanyakazi walikuwa wakitusimulia. Tulikubali. Tulikuwa watu tisa juu ya mikeka, saba kati yetu wakiwa watalii. Mwalimu alikuwa mwanamume, mgeni kutoka nje, mwenye sauti ya upole na mwenendo wa heshima.

Mwanafunzi wangu aliketi miguu imenyooka mbele yake, ameinama, mikono ikielekea vidoleni. Mwalimu alikuja kwa nyuma, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya kiuno cha binti yule, kisha akaulalia mgongo wake kwa kifua ili ashuke zaidi. Hakutamka neno. Nilimwona binti akikakamaa, kisha akafumba macho. Baada ya pumzi tano au sita mwalimu aliinuka, akaenda kwa mwingine. Sina sababu ya kudhani kwamba alikusudia ubaya. Naamini alidhani anasaidia.

Nami sikusema kitu. Nimefundisha haki za binadamu kwa miaka mingi, nimeandika kuhusu heshima ya utu, nimekaa katika makongamano ya kupinga udhalilishaji. Na asubuhi ile, hatua tatu kutoka kwa mwanafunzi wangu, nilinyamaza kwa kuchelea kuonekana mshamba mbele ya wageni.

Tukiwa njiani kurudi mjini nilimuuliza kama yuko salama. Aliangalia nje ya dirisha la gari.

"Mwalimu, nilidhani ndivyo inavyofanywa," alisema. Baada ya kitambo akaongeza: "Na ningemwambiaje? Yeye ni mgeni, halafu ni mwalimu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nikilijua. Mwaka mmoja kabla ya hapo alianguka kwenye bodaboda, na tangu siku ile nyonga yake ya kushoto haikurudi kuwa kama zamani. Kwa siku nne baada ya darasa lile aliketi kwa shida.

Msomaji ambaye hajapata kuingia darasa la yoga ataniuliza kama mguso wa namna ile ni wa kawaida. Ni wa kawaida. Katika shule nyingi za yoga mwalimu hupita kati ya wanafunzi akiwarekebisha mkao kwa mikono: husukuma bega, huvuta nyonga, hukandamiza mgongo. Yapo marekebisho mepesi yanayosaidia kweli, kama vidole viwili vinavyomkumbusha mtu alegeze mabega. Yapo pia mazito, ambayo mwalimu huweka uzito wa mwili wake juu ya mwili wa mwanafunzi. Mtindo huu mzito ulienea sana kupitia Pattabhi Jois, mwalimu wa Mysore nchini India, ambaye mfumo wake wa Ashtanga ulivutia maelfu ya wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2009. Miaka michache baadaye wanawake waliokuwa wanafunzi wake walianza kusema hadharani kwamba chini ya jina la kurekebisha mkao aliwagusa sehemu za siri na kuwalalia kwa namna isiyo ya mafunzo. Mmoja wao, Karen Rain, alieleza yaliyomsibu mwaka 2017, wakati wanawake duniani kote walipokuwa wakivunja ukimya. Na mwaka 2018 jarida moja la Canada lilichapisha ushuhuda wa wanawake tisa. Mwaka 2019 mjukuu wake, Sharath Jois, aliyerithi uongozi wa shule ile, aliandika kuomba radhi kwa maumivu waliyoyapata wanafunzi mikononi mwa babu yake.

Mzee yule hakupata kujibu mbele ya mahakama, kwa kuwa alikwishakufa. Kinachonishughulisha mimi katika kisa hicho ni wale waliokuwa ndani ya chumba. Mambo yale hayakufanyika gizani. Yalifanyika mbele ya mikeka mingine, mbele ya watu wazima wenye elimu, baadhi yao wakipiga picha. Kila aliyeona alijiambia kwamba mwalimu anajua anachofanya, na kila aliyetendewa alijiambia kwamba labda ndivyo inavyofanywa. Niliposikia maneno hayohayo yakitoka kinywani mwa binti wa kusini ya Unguja, na nilipokumbuka ukimya wangu mwenyewe, nilielewa kwamba umbali kati ya Mysore na Jambiani ni mfupi kuliko ramani inavyoonyesha.

Tuangalie kwanza usalama, maana wengi hudhani ridhaa ni jambo la adabu na usalama ni jambo la utaalamu, na kwamba mawili haya hayakutani. Mwili unapofika mwisho wa uwezo wake wa kunyooka, misuli hujikaza ili kulinda viungo. Mwenye mwili huihisi ishara hiyo. Anayemsukuma kutoka nje hawezi kuihisi kwa uhakika, na kwa hiyo anaweza kuvuka mpaka ambao mwenyewe asingeuvuka. Mgongo uliopindwa mbele chini ya uzito wa mtu mwingine hubana visahani vilivyo kati ya pingili. Misuli ya nyuma ya paja inaweza kuchanika pale inapoungana na mfupa wa kalio. Goti halikuumbwa kupindwa upande, na shingo haikuumbwa kusukumwa na mkono wa mtu. Juu ya hayo kuna siri za mwili ambazo jicho halizioni: mimba changa, mifupa iliyopungua nguvu, shinikizo la damu, mshono wa operesheni, nyonga iliyoumia kwenye bodaboda. Hakuna mwalimu, hata awe bingwa, anayeweza kuyasoma haya kwa kutazama mgongo wa mtu. Lakini mtoto wa miaka saba anaweza kuyajua kwa kuuliza. Laiti mwalimu yule angesema, "Naomba nikusaidie kushuka kidogo, una maumivu popote?" angeambiwa habari ya nyonga, na siku nne za maumivu zisingekuwapo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa kuuliza ndio utaalamu wenyewe.

Sasa nije kwenye ukimya. Hoja nitakayoisikia kwanza, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba kwetu kunyamaza ni kukubali. Si tumefundishwa kwamba ridhaa ya mwari ni kunyamaza kwake? Ndiyo, tumefundishwa, na ni vyema tuyakumbuke mafundisho hayo kwa ukamilifu. Mwari hunyamaza baada ya kuulizwa. Kwanza anaendewa, anatajiwa jina la mposaji, anapewa nafasi, na swali linaulizwa mbele ya watu wanaomtakia kheri. Kunyamaza kwake ni jibu kwa sababu kulitanguliwa na swali, na kwa sababu anaweza kutikisa kichwa au kulia akaeleweka. Ukimya usiotanguliwa na swali haujibu chochote. Anayelichukua fundisho lile na kulifanya ruhusa ya kumgusa mtu ambaye hakuulizwa amechukua nusu ya maneno na kuiacha nusu iliyobeba maana.

Kuna jambo zito zaidi hapa. Ustaarabu wetu, ambao tunajivunia na ambao matangazo ya utalii huuza pamoja na mchanga mweupe, humlea mtoto asimkatalie mkubwa, asimtie mgeni haya, asiinue sauti mbele ya mwalimu. Mtoto wa kike hulelewa hivyo mara mbili. Malezi haya yana uzuri wake, nami ni zao lake. Lakini tujiulize yanampa nini msichana pale mkono unapomfikia. Anayemgusa ni mkubwa, ni mgeni na ni mwalimu kwa pamoja; kila mlango wa kusema "hapana" umefungwa na adabu aliyofundishwa na mama yake. Kumwambia binti huyo kwamba "angesema tu kama hakutaka" ni kumtaka abomoe kwa sekunde tano kilichojengwa kwa miaka ishirini.

Ndiyo maana nasema kwamba mahali penye haya nyingi, wajibu wa kuuliza humwelemea zaidi mwenye mkono. Katika nchi ambayo kukataa ni rahisi, pengine swali la haraka linatosha. Kwetu swali lazima liulizwe kwa namna inayoifanya "hapana" iwe nyepesi kama "ndiyo". Kumwinamia mtu na kumuuliza mbele ya wenzake, huku viganja vimekwishatua mgongoni, ni sawa na kubisha hodi ukiwa umeshakaa sebuleni.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu na tusiyalete kwetu. Kinyume chake, mambo yetu ndiyo tuliyoyasahau. Siku nilipokuwa bibi harusi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, niliandaliwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisinga wari katika mtaa wetu. Alikuja na singo yake ya karafuu, asumini na mlangilangi. Mlango ulifungwa, wanaume hawakukaribia. Kabla ya kila hatua aliniambia anachotaka kufanya. "Nikukande mgongo, mwanangu?" "Hapa panauma?" Nilipojikunja alipoelekea kwenye mbavu, aliondoa mkono bila kununa na akaendelea kwingine. Mama yule hakuwa na cheti cha chuo chochote. Fundi cherehani mzuri wa Darajani naye hamzungushii mwanamke utepe kifuani kabla ya kumwomba radhi, na wengi humwita mwanamke mwenzake ampime. Kazi zetu za kugusa zilikuwa na hodi yake. Kilichotokea ni kwamba kazi mpya zimekuja na utalii, na tumezipokea kama bidhaa bila kuziuliza adabu zake.

Sisemi kwamba tulikuwa malaika. Ripoti za udhalilishaji zinazotolewa visiwani zinatuonyesha kwamba mkono unaodhuru mara nyingi ni wa mtu wa karibu, anayejulikana na kuaminiwa. Serikali ilianzisha mahakama maalumu ya makosa hayo mwaka 2021, na Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018 inayatambua na kuyaadhibu. Lakini mahakama huja baada ya kilio. Tukio kama la Jambiani, lisilo na nia mbaya iliyo dhahiri, halitafika mahakamani, wala mimi sidai lifikishwe. Litabaki katika mwili wa aliyetendewa, na litamfundisha kwamba mwili wake ni wa kushikwa na yeyote aliye juu yake. Fundisho hilo ndilo atakalolitumia mtu mwingine, mwenye nia mbaya, siku nyingine.

Yupo pia atakayesema dawa ni nyepesi: binti wa Kiislamu asiende kwenye yoga, basi. Namheshimu anayeshikilia hivyo kwa ajili ya nafsi yake na nyumba yake. Lakini utalii ndio uchumi wetu. Mwaka 2023 visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya laki sita, na vijana wetu wa Paje, Jambiani, Matemwe na Nungwi wanafanya kazi palepale ilipo mikeka hiyo. Wapo wanaokanda miili ya wageni, na mgeni naye ana mikono. Binti wa chumba cha masaji anayevutwa mkono na mteja, akaambiwa "mteja ni mfalme", anahitaji ulinzi uleule ambao mtalii anauhitaji akiwa chini ya mkono wa mwalimu. Wapo pia vijana wetu wanaosomea ualimu wa yoga wenyewe. Huko Nairobi, mradi wa Africa Yoga Project, ulioanzishwa mwaka 2007, umekuwa ukiwafundisha vijana kazi hiyo, na kwa wengi imekuwa riziki. Kuwaambia watu wasiende hakuwalindi waliokwisha kuwapo.

Tunaweza kufanya nini? Nataja machache, yote ya gharama ndogo.

La kwanza ni la mwalimu mwenyewe. Aanze kwa neno, afuatishe kwa kuonyesha kwa mwili wake, na mkono uwe wa mwisho. Makosa mengi ya mkao hurekebishwa kwa sentensi moja iliyosemwa vizuri. Akihitaji kugusa, aulize kabla, na aulize kila siku, kwa sababu ruhusa ya jana haikujua maumivu ya leo. Katika baadhi ya madarasa ya nje kila mwanafunzi huwekewa kadi pembeni ya mkeka: upande mmoja unaruhusu kuguswa, wa pili unakataza, na mtu huigeuza apendavyo bila kutamka neno. Sisi tuna kauri tele. Kauri iliyolala kifudifudi kichwani pa mkeka inaweza kusema "hapana" kwa niaba ya binti ambaye ulimi wake umefungwa na haya. Na pasiwepo kulaliana. Sijaona manufaa ya kumlalia mwanafunzi mgongoni ambayo hayawezi kupatikana kwa njia nyingine.

La pili ni la hoteli. Neno "mwalimu wa yoga" halina ulinzi wa kisheria kama neno "daktari". Cheti kinachotajwa sana duniani ni cha mafunzo ya saa 200, ambayo mara nyingi humalizika ndani ya wiki nne, na jumuiya ya Kimarekani inayowaorodhesha walimu hao huwaorodhesha kwa hiari yao, haiwapi leseni. Basi mwenye hoteli asitosheke na karatasi. Aandike katika mkataba kwamba hakuna anayeguswa bila kuulizwa, awe mgeni au mfanyakazi, na amtaje mtu wa kupokea malalamiko ambaye si yule anayelalamikiwa wala bosi wake wa karibu.

La tatu ni la nchi. Kamisheni ya Utalii inayosimamia viwango vya hoteli iyaweke madarasa ya yoga na vyumba vya masaji katika orodha ya mambo ya kukaguliwa. Tunakagua jiko kwa sababu chakula huingia mwilini; mkono nao hufika mwilini. Na pale Maruhubi, ambako vijana husomea utalii na ukarimu, somo la kumkaribisha mgeni liende pamoja na somo la kumwambia mgeni "samahani, hapo hapana". Ukarimu usio na mpaka si ukarimu; ni uchochoro.

La nne ni letu, wazazi na walimu. Tuwafundishe watoto kwamba mwili nao una mlango, na kwamba hodi ya mlango huo haina cheo. Baba, mjomba, mwalimu wa chuoni, kocha, daktari, mgeni wa heshima: wote hubisha. Na mtoto akisema "sitaki kukumbatiwa", tusimcheke wala tusimwite hana adabu. Hapo ndipo anapojifunza kwamba jibu lake lina uzito.

Kabla ya kuchapisha makala haya nilimwendea mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi kwa ukimya wangu wa siku ile, kisha nikamuuliza kama ananiruhusu kusimulia yaliyompata. Nilimwambia kwamba akikataa, sitaandika, na alama zake hazitaguswa. Aliomba siku mbili za kufikiri. Aliporudi aliyasoma maandishi yote, akafuta maelezo mawili ambayo yangemtambulisha, akanirudishia karatasi.

"Sasa unaweza, Mwalimu," alisema.

Ilinichukua siku mbili na aya mbili zilizofutwa. Makala hayakupungukiwa na kitu.